Mgomo wa Jicho la Kushoto

Kileleshwa, ghorofa ya sita
3 Februari 2025

Kwa Meneja,
Kliniki ya Macho ya Mboni Angavu,
Westlands

Bwana au Madam Meneja,

Nimewapigia simu. Mashine ikaniambia nibonyeze moja, nikabonyeza. Nibonyeze tatu, nikabonyeza. Halafu ikanipigia kinanda mpaka chai yangu ikapoa. Kwa hivyo naandika. Karatasi haina kinanda.

Mimi ni Nzau Muli, yule mzee wa jicho la kushoto. Wenzangu wa rika walikuwa wamestaafu wanacheza bao, mimi bado nachomelea mageti ya matajiri kule Spring Valley, na siku moja cheche ikaruka ikaketi kwenye kioo cha jicho langu kama imelipa kodi ya nyumba. Ikaacha kovu. Miwani haikusaidia. Jicho la kulia nalo surua ililiharibu nikiwa mtoto. Linaona kwamba mtu amesimama mbele yangu, lakini halioni kama anacheka au amenuna.

Ni nyinyi mlionipimia ile lenzi ndogo ngumu ya kuvaa ndani ya jicho. Mlinijaribisha moja, mkanijaribisha nyingine, mpaka nikajiona kama bibi harusi anayejaribu viatu, lakini mwisho moja ikakubali. Siwanyimi sifa. Nilianza kumwona nzi kabla hajatua kwenye ugali.

Sasa imepasuka. Niliiangusha kwenye sinki nikiiosha. Nzula, msichana wa kazi wa hapa, alifungua bomba lote la chini tukaipata, lakini haifai tena hata kuvalishwa kuku.

Ombi langu ni fupi. Naomba nakala ya vipimo vya lenzi yangu: nguvu yake, mviringo wake, upana wake, yote mliyoandika. Nataka kurudi kwangu Masii. Pale Machakos mjini kuna mtaalamu wa macho ambaye ameniambia, "Mzee, jicho lenye kovu kama lako sina lenzi za kulijaribishia, lakini ukiniletea vipimo naagiza na ninakuvalisha." Bila vipimo nitabaki hapa ghorofa ya sita nikisikiliza lifti ikipanda na kushuka mpaka siku nitakayoshushwa nayo nimelala.

Nataka nakala tu. Ile ya kwenu bakini nayo.

Ni mimi mwenye jicho,
Nzau Muli


Westlands
6 Februari 2025

Mpendwa Mzee Nzau,

Tumepokea barua yako na tunakupa pole kwa kuharibikiwa na lenzi.

Kwa bahati mbaya, sera ya kliniki hairuhusu vipimo vya lenzi kukabidhiwa mgonjwa. Lenzi inagusa jicho lenyewe. Ikitengenezwa vibaya huleta vidonda, na hata upofu. Tunafanya hivi kwa ajili ya usalama wako.

Tunaweza kukutengenezea lenzi nyingine hapa hapa wakati wowote, na tumekwisha kuzungumza na familia yako kuhusu jambo hilo.

Wako mtiifu,
Waceke Jamleck
Meneja


Kileleshwa
8 Februari 2025

Mama yangu Kamene,

Huko Eldoret baridi imekuachia masikio? Serikali iliyokupeleka huko ikupe na blanketi.

Najua umenipigia simu mara nyingi. Nimeizima. Kwenye simu wewe husema "sawa Baba, sawa Baba," halafu unafanya lako. Ukiandika, nitakuwa na mahali pa kukushikia. Na usinune nikikuita mama. Jina nililokupa ni la mama yangu mzazi, na kwetu Ukambani aliyepewa jina la mama yako ni mama yako, hata akikukasirisha. Naye mwenyewe alikuwa ananikasirisha.

Wacha nikuambie habari ya Westlands. Niliomba nakala ya vipimo vya jicho langu, nikaletewa barua nzuri yenye nembo ya jicho juu, inayosema nakatazwa kwa usalama wangu. Unasikia? Ninanyimwa macho ili nisiwe kipofu! Ni kama mwizi anayekuvua viatu usije ukajikwaa.

Ile barua naisoma pua ikigusa karatasi. Hii pia naiandika hivyo hivyo, kwa hivyo ukiona doa si chozi, ni ugoro.

Sasa sikiliza. Nimeanza mgomo. Sitavaa lenzi yao yoyote mpaka wanipe karatasi. Walimu wanagoma, madaktari wanagoma, na jicho la Nzau nalo limegoma. Wewe ndiwe uliyenipeleka pale ukinishika mkono, wanakujua. Waandikie neno moja tu: mpeni mzee karatasi yake. Wakubwa wa Westlands wanasikia Kiingereza cha watu wa serikali kuliko Kiswahili cha fundi.

Wanasema eti wameongea na familia yangu. Familia gani? Mama yako yuko kaburini na Nzula hajaniambia kitu. Au wamekupigia wewe?

Ni mimi babako, na mwanao kwa jina,
Nzau


Eldoret
13 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa umepanda mlima na kushuka bondeni.

Baba, achana na hao watu wa kliniki. Karatasi ni karatasi tu. Nimewaagiza wakutengenezee lenzi nyingine kama ile ya kwanza, na mtu wa bodaboda atakuletea hapo nyumbani wiki ijayo. Nzula atakusaidia kuivaa. Tafadhali vaa. Ukitembea bila kuona kwenye ile barabara ya Kileleshwa, magari hayajui kwamba umegoma.

Habari ya Masii tutaiongea nikipata likizo. Nyumba ile imekaa bila mtu, na sijui nani atakuwa karibu nawe usiku. Hapo una maji, una lifti, una kanisa jirani. Unakosa nini?

Kula vizuri. Usimfundishe Nzula nyimbo zako zile.

Binti yako,
Carolyne


Kileleshwa
17 Februari 2025

Madam Meneja Waceke,

Lenzi mliyomtuma mtu wa bodaboda aniletee nimeirudisha na kibweta chake, sikuifungua. Najua nikiivaa nitaona, na nikishaona mtasema shida ya mzee imekwisha. Kisha nitaenda Masii, siku moja itapasuka tena, na mkia wangu utakuwa bado umefungwa kwenye kabati lenu la Westlands. Mbuzi wa kamba ndefu bado ni mbuzi wa kamba.

Mimi sikumaliza darasa la saba. Lakini mwaka ule wa kura ya maoni tuligawiwa Katiba bure, na yangu imeshikilia mguu wa meza miaka yote hii. Juzi nimeitoa. Meza inacheza sasa, lakini mimi nimesimama imara. Ibara ya thelathini na tano inasema raia ana haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine, kama anaihitaji ili kutumia au kulinda haki yake. Mzee Waweru wa kanisani kwetu, ambaye alikuwa karani wa mahakama, akanicheka. "Nzau, umeenda kwa babu na baba yupo," akasema. "Iko sheria ya kulinda data, ya mwaka elfu mbili na kumi na tisa. Habari yako ikiwa kwa mtu, una haki ya kuiona."

Sasa nieleze kama unavyomweleza mtoto. Jicho ni langu. Kovu ni langu, nililipata kwa jasho. Nilivumilia kuwekewa na kutolewa vioo mpaka machozi yakaisha. Vipimo vilivyotoka kwenye jicho hilo vikawaje vyenu? Fundi akinipima suti hawezi kuniambia urefu wa mkono wangu ni siri ya duka.

Mnaogopa nitatengenezewa lenzi mbaya? Huyo wa Machakos naye amesomea. Mnadhani Machakos tunapimwa macho kwa kamba ya mbuzi?

Kesho Jumanne nitakuja mwenyewe. Nitaketi. Msiniwekee kinanda.

Nzau Muli, mgomaji


Westlands
19 Februari 2025

Bi Carolyne,

Nakuandikia kwa sababu wewe ndiwe uliyeandikwa kwenye faili kama mlezi wa Mzee Nzau.

Jana alikuja tulipofungua, akaketi mapokezi mpaka tukafunga. Hakupiga kelele. Ila kila mgonjwa aliyetoka kwa daktari, mzee alimwita kwa heshima, "Mwanangu, umepewa nakala yako? Rudi uiombe. Jicho halilali kwenye kabati la watu." Wengine walicheka wakaenda zao. Wengine walirudi wakaomba. Mama mmoja wa Spring Valley alikataa kutoka bila karatasi, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujiuliza kwa nini tunamnyima. Tulimpa mzee chai, akasema inaonekana majani nayo yako chini ya sera.

Sasa nina swali. Faili ya baba ina maneno ya Sifuna, kijana wetu wa mapokezi, aliyoyaandika siku ya kwanza: "Mgonjwa amechanganyikiwa. Maamuzi yote yapitie kwa binti." Chini yake kuna sahihi yako. Wewe pia ulituambia kwa simu mwanzoni mwa mwezi huu kwamba asipewe vipimo kamwe. Nilikubali kwa sababu ya maneno hayo.

Lakini mtu niliyemwona jana hajachanganyikiwa. Aliniuliza kuhusu sera yetu maswali ambayo wakili angeyalipisha. Tafadhali niambie ukweli: kuna daktari aliyewahi kusema baba ana ugonjwa wa kusahau?

Waceke Jamleck


Eldoret
22 Februari 2025

Bi Waceke,

Yaliyoandikwa kwenye faili yaacheni yalivyo. Nilitia sahihi.

Akipata hiyo karatasi ataondoka siku hiyo hiyo. Ninyi mtabaki na faili. Mimi ndiye nitakayepigiwa simu akiokotwa. Msimpe.

Carolyne K. Nzau


Westlands
25 Februari 2025

Mpendwa Mzee Nzau,

Nimezisoma barua zako zote mbili, na naheshimu hoja zako.

Hata hivyo, kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba tangu siku ya kwanza ulihesabiwa kuwa mtu asiyeweza kujiamulia, kwa sababu ya kuchanganyikiwa, na una mlezi aliyetia sahihi kwa niaba yako. Mlezi huyo ni binti yako. Nimemwandikia, na hajaruhusu upewe vipimo. Mikono yangu imefungwa.

Nasikitika kukuandikia haya. Niliona ni bora uyajue kuliko kuendelea kukupa sababu zisizo zenyewe.

Waceke Jamleck


Kileleshwa
27 Februari 2025

Bi Waceke,

Barua yako nilimpa Nzula anisomee, maana nilidhani jicho langu la surua limeanza kutunga maneno yake. Akasoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili. Ya tatu akakataa, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mlezi! Mlezi wangu wa mwisho alikuwa mwalimu wa darasa la sita, na yeye nilimtoroka kupitia dirishani.

Sasa wacha nikupe habari ya siku ile ya kwanza, maana nilikuwepo, ingawa mnadhani sikuwepo. Nilikuja nimefungwa bandeji, Kamene amenishika mkono. Yule kijana wenu Sifuna akasema, "Mzee, umekuja na nani?" Nikamwambia, "Na mama yangu." Akauliza, "Mama yako mzazi?" Nikamwambia, "Ndiye huyu, ananipiga nikikataa kula." Nikasikia kalamu yake inaandika. Akauliza, "Mzee, huu ni mwaka gani?" Nilikuwa na njaa, na jicho lilikuwa linawaka kama pilipili. Nikamjibu, "Mwaka wa shida, kama ule mwingine." Akauliza, "Na nchi inaongozwa na nani?" Nikamwambia, "Na njaa." Mwanangu, kuna Mkenya mwenye akili timamu kuliko aliyetoa jibu hilo?

Hayo ndiyo mliyoyaita kuchanganyikiwa. Nilidhani kijana ananipigisha gumzo, kumbe ananipima kichwa!

Kamene ni mama yangu kwa jina. Ana jina la mama yangu, na baba wa Kikamba humwita mtoto kama huyo mama mpaka kaburini. Wewe kwa jina lako ni Mkikuyu. Usiniambie kwenu hamna jambo hili. Kama hamna, basi nimekosea nyumba.

Na jambo jingine, hili ndilo limenikereketa zaidi. Siku zote zile nilizokuja kwenu, daktari aliuliza, "Mzee anaumwa wapi?" Lakini hakuniuliza mimi. Alimwuliza Kamene, kwa kuwa Kamene ndiye aliyeshika pochi. Mimi niko katikati kama gunia la viazi, watu wanauliza bei juu ya kichwa changu. "Anasikia maumivu?" "Analala?" Nami nilikaa kimya nikidhani ni adabu ya Westlands. Anayelipa ndiye anayeumwa! Mkiendelea hivi mtamwekea Kamene lenzi, nami nitapona.

Hakuna hakimu aliyesema mimi sina akili. Hakuna daktari aliyesema. Alisema Sifuna, na Sifuna anapokea simu. Na kama ningekuwa nimechanganyikiwa kweli, ndiyo jicho lingekuwa la mtu mwingine? Wendawazimu nao wana macho.

Naja Jumanne. Mara hii naja na Mzee Waweru, na tukitoka kwenu tunaenda kwa kamishna wa hiyo data kupeleka malalamiko. Andaeni karatasi au andaeni chai yenye majani.

Kamene sijamwandikia. Sina maneno ya kumwandikia ambayo mama yake angependa kuyasikia.

Nzau Muli, mwenye akili zake zote na jicho lake moja


Westlands
28 Februari 2025

Mzee wangu Nzau,

Usije na Mzee Waweru. Njoo na kitambulisho tu.

Nimeisoma barua yako mlango ukiwa umefungwa kwa sababu nilikuwa nacheka kwa sauti, halafu nikaona haya, nikaacha kucheka. Mimi nina jina la nyanya yangu, mama wa baba. Baba yangu yuko Limuru, na tangu nizaliwe hajaniita Waceke hata siku moja. Ananiita maitu, yaani mama. Akipiga simu mbele ya wageni husema, "Subirini, naongea na mama yangu." Kama mtu angemwandika kuwa amechanganyikiwa kwa sababu hiyo, na mimi nikatia sahihi, sijui ningemtazama vipi.

Nimemwuliza Sifuna. Anakumbuka vizuri. Anasema alifikiri anakusaidia. Yale maneno nimeyafuta kwenye faili, na nimeandika jina langu kando ili ijulikane nani amefuta.

Nikuambie na jingine. Ile sera niliyokutajia nimeitafuta. Haijaandikwa popote. Ni mazoea tu ya mwenye kliniki: mgonjwa akikosa karatasi, lazima arudi kwetu. Nilikuwa nimeisema mara nyingi mpaka nikaiamini. Nimemwambia kwamba vipimo ni vya mgonjwa, na sitamwandikia tena mtu yeyote kinyume cha hilo. Amekasirika. Labda barua hii ni ya mwisho kutoka kwangu nikiwa kwenye kiti hiki. Sijui. Ila yako itakuwa imetoka.

Nakala iko mapokezi, ina muhuri na sahihi ya daktari. Nimetoa mbili. Ya pili umpe unayetaka, au usimpe mtu.

Binti yenu,
Waceke


Eldoret
9 Machi 2025

Baba,

Nzula amenipigia akilia. Anasema uliondoka Ijumaa asubuhi na begi lako, ukamwambia akiulizwa aseme hajui, halafu ukamwelekeza mahali unapokwenda ili asiwe na wasiwasi. Simu yako bado umeizima. Bi Waceke naye ameniandikia, na sitarudia aliyoniambia, ila hakunitukana, na ingekuwa nafuu angenitukana.

Ni kweli. Siku ile nilimwona Sifuna akiandika. Nilijua unatania. Nilitaka kusema, "Hapana, mzee wangu ni mtani tu." Lakini nikanyamaza, nikatia sahihi, kwa sababu nilifikiri: sasa nitaweza kumzuia.

Wewe unakumbuka vipi ule usiku wa Masii, kabla ya lenzi na kabla ya Westlands? Unausimulia kama kichekesho, jinsi ulivyotoka kwenda chooni ukatumbukia kwenye shimo la mchanga, ukaimba nyimbo za harusi mpaka alfajiri. Watu wote hucheka. Mimi ndiye niliyekukuta, Baba. Nilikuja asubuhi bila kukuarifu, nikakuta kitanda kitupu, nikafuata sauti. Ulikuwa unatetemeka mpaka meno yanagongana, na ulikuwa unaimba. Uliponisikia ulisema, "Mama, umechelewa, mahari imeshaliwa." Ulicheka. Mimi sijacheka tangu siku ile.

Nilikuwekea lifti na ukuta na mlinzi wa geti kwa sababu ya shimo lile. Nilichofanya kilikuwa kibaya. Lakini nilikuwa na hofu, na hakuna mtu aliyeniuliza habari ya hofu yangu, hata wewe. Kila nikijaribu kusema unanichekesha.

Sitakuja kukurudisha. Naomba jambo moja, na sasa nakuomba wewe, si mtu mwingine. Bi Waceke anasema una nakala mbili. Naomba moja. Siku lenzi ikipasuka uko mbali na Machakos, au ni mgonjwa huwezi kuamka, nataka nijue cha kuagiza. Ukikataa nitaelewa.

Kamene


Masii
24 Machi 2025

Kwa Bi Carolyne Kamene Nzau,
Ofisi ya Serikali Isiyojulikana Inafanya Nini,
Eldoret

Mpendwa Mteja,

Tumepokea ombi lako la kupewa nakala ya vipimo vya jicho la kushoto la Mzee Nzau Muli. Kwa bahati mbaya, sera ya Mzee hairuhusu...

Umeshtuka? Vizuri. Nilitaka uonje kijiko kimoja tu cha uji nilioumaliza sufuria nzima.

Mama yangu, barua yako ilinikuta bado sioni vizuri. Dukani walijitolea kunisomea, nikawakatalia. Nikaiweka chini ya godoro, nikangoja. Lenzi ilipofika Machakos nikaenda, nikavalishwa, na yule mtaalamu akafuata ile karatasi neno kwa neno. Ikakaa. Nikamwona usoni kwa mara ya kwanza: kijana ana masikio makubwa, maskini, sauti yake ilikuwa imemficha. Kisha nikatoka nje, nikaketi kwenye ngazi za duka la mbegu, nikasoma barua yako kwa jicho langu mwenyewe, bila Nzula, bila mtu.

Nilikuwa nimejiandaa kukutukana. Nilikuwa na maneno ya ghorofa sita. Nilipofika kwenye shimo yakanitoka.

Usiku ule niliimba kwa sababu niliogopa. Unafikiri mtu anaimba nyimbo za harusi shimoni kwa furaha? Na niliposikia hatua zako nilisema lile neno la mahari ili usilie. Sikujua kwamba nimekuachia uogope peke yako miaka yote hii. Hilo ni langu, nalibeba. Lakini la Sifuna ni lako, libebe. Tukikutana tutapima la nani ni zito.

Usidhani nimelainika. Ulininyamazia mbele ya watu, Kamene. Mtu akininyang'anya shamba nitampeleka kwa chifu, nitamshinda. Lakini mtu akininyang'anya neno langu, nikisema anajibiwa mwingine, huyo amenizika nikiwa hai, hata kama alinizika kwa upendo na kunifukia kwa blanketi laini. Usirudie tena. Hata nikiwa nimesahau jina lako kweli kweli, hata nikikuita Waweru, nigeukie mimi kwanza uniulize. Ninaweza kujibu upuuzi. Lakini niulizwe.

Sasa habari ya shimo. Nimelifukia. Nilikodi vijana wawili na punda, nami nikasimama juu yake nikatoa amri kama mkoloni. Choo nimekifungia kamba kutoka mlangoni, ya kushika mkono usiku nikiwa nimeivua lenzi, maana hailalwi nayo. Mjane wa jirani, Kalekye, tumekubaliana: asubuhi nikiwa hai natundika kofia kwenye mti wa uani. Asipoiona anakuja na panga, na baada ya panga anakupigia wewe. Jana nilisahau kofia makusudi kuona kama atakuja. Alikuja. Nimetukanwa matusi ambayo hata mimi sikuwa nayo.

Bi Waceke ameniandikia pia. Bado yuko kwenye kiti chake. Anasema yule mama wa Spring Valley aliwaleta na dada zake, wote wakidai karatasi, na mwenye kliniki ameona ni afadhali kutoa nakala kuliko kutoa chai.

Nakala yako hii hapa, nimeifunga na barua. Hukuipata kwa sahihi ya siku ile wala kwa kuwa wewe ndiye unayelipa. Uliiomba kwa mwenyewe, na mwenyewe amekubali. Hivyo tu. Ungeniomba Februari ungeipata Februari.

Usiitumie kuniagizia lenzi nisipokuambia. Na ukipata likizo njoo. Njoo na sukari, na yale majani ya chai ya huko Nandi. Usije na daktari.

Ni mimi,
Nzau Muli